Tupa ya Hatibu

Hatibu, sonara wa Bugarama, alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni kiburi cha kazi. Si kiburi cha pesa, maana pesa hakuwa nazo. Wala si cha ukoo, ingawa babu yake alifua pete Ujiji tangu enzi za Mjerumani na Hatibu hakukosa kulisema hilo mbele ya mgeni. Kiburi chake kilikuwa hiki: kitu chenye dosari hakitoki kwenye kibanda chake, ng'o! Aliwahi kumkimbiza mteja barabarani, jua la saa saba, kisa ameona mkwaruzo kwenye heleni ambao mteja mwenyewe alikuwa hajauona. "Lete hapa! Utaniaibisha mjini!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe, Mwanne, mama wa binti yao Samia, alikuwa akimwambia kwamba tupa yake itamletea balaa, naye alikuwa akimjibu kwamba mwanamke hajui kazi ya sonara. Haya.

Basi huyo Hatibu ndiye aliyekuwa akitengeneza sarafu za duara la Magesa. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na sarafu zenyewe hazikuwa za kununulia kitu. Zilikuwa vipande vya shaba ya njano, ukubwa wa shilingi mia mbili, vyenye picha ya jembe, mpini wake umefika mpaka ukingoni. Kila mchimbaji alikuwa na yake yenye namba yake. Asubuhi ilikuwa ikining'inia kwenye ubao wa misumari, karibu na mdomo wa duara. Anayeshuka anaichukua, anaivaa shingoni. Anayepanda anairudisha. Kwa hiyo msumari mtupu maana yake mtu yuko chini, na hakuna aliyehitaji kusoma wala kuandika ili kulielewa hilo.

Wanawake waliokuwa wakiponda mawe pale juu walikuwa na desturi yao. Mwenye mume chini alimsubiri mdomoni mwa duara jioni, akampokea sarafu, akaiangika yeye mwenyewe. Hakuna aliyewaagiza. Walikuwa wakisema tu kwamba mkono wa mke ndio unaomtoa mtu shimoni, na mwanamume aliyejiangikia sarafu huku mkewe amekaa pale angechekwa wiki nzima.

Kazi ya Hatibu ilikuwa kuchonga dai, yaani muhuri wa chuma wa kupigia sarafu. Alikata kipande cha ekseli ya lori, akakilainisha kwa moto, akalichonga jembe kinyumenyume kwa patasi nyembamba, halafu akakichoma tena mpaka kikawa chekundu na kukizamisha kwenye oili chafu ili kikaze. Hilo ndilo dai. Unaliweka juu ya kipande cha shaba, unashusha nyundo kubwa kwa nguvu zako zote, jembe linatokeza. Ila sasa, dai halifichi kitu. Patasi ikiteleza kidogo tu wakati wa kuchonga, shimo lile dogo kwenye dai litakuwa kinundu kwenye kila sarafu utakayoipiga. Dai likipata ufa, ufa utasimama juu ya shaba kama mshipa wa mkono wa mzee. Hatibu alilijua hilo kuliko sala zake, Mungu amsamehe.

Alhamisi ile asubuhi alikuwa akipiga sarafu mpya kwa ajili ya wachimbaji wapya wa Magesa. Hajafika mbali, dai likalia vibaya. Akainua sarafu iliyofuata akaiona: mstari mwembamba umetokeza, umeanzia kwenye mpini wa jembe ukakimbilia ukingoni, kando ya ncha yake. Dai lilikuwa limepasuka. Fundi mwingine angesema aah, ni sarafu za shimoni tu, nani ataangalia? Hatibu akaumwa moyoni kabisa. Kuchonga dai jingine kungechukua siku kadhaa, na Magesa alikuwa anataka mzigo wake. Basi akaendelea kupiga, na kila sarafu iliyotoka akaikalia na tupa, akaufuta ule mstari mpaka ukaisha. Alitumia mchana kutwa kuficha aibu ambayo hakuna aliyemwuliza.

Alasiri hiyohiyo duara la Magesa likaanguka.

Wachimbaji waliokimbilia pale walifukua kwa majembe, kwa ndoo, kwa mikono. Kufika jioni walikuwa wamewatoa watu sita, wazima, mmoja kavunjika mguu. Watu wakashangilia, wakapiga vigelegele. Nelly hakupiga kigelegele. Nelly alikuwa mponda mawe, binti wa Kisukuma kutoka upande wa Songwa, na mumewe Mageni hakuwa miongoni mwa wale sita. Msumari wake, namba kumi na tisa, ulikuwa mtupu. Akauonyesha. Magesa mwenyewe akaja, akautazama, akasema giza limeingia na udongo bado unatembea, wataendelea kesho.

Ijumaa asubuhi na mapema Magesa alifika kibandani kwa Hatibu kuchukua sarafu zake mpya. Hatibu akampa pole. Magesa akaitikia, "Tunashukuru Mungu, wote wametoka," akaweka mfuko wa sarafu kwenye gari, akaondoka. Hatibu akafurahi. Kwa nini asifurahi? Aliambiwa wote wametoka.

Baada ya sala ya Ijumaa kibanda kilikuwa na mgeni wa heshima, mzee mmoja aliyetoka Ibadakuli kote huko kuja kuagiza pete ya harusi ya bintiye, kwa sababu amesikia kwamba Bugarama kuna sonara ambaye kazi yake haina kasoro. Hatibu alikuwa amevimba kwa raha. Ndipo Nelly akaingia, miguu imejaa udongo mpaka magotini, kanga moja, macho mekundu.

"Shikamoo Baba Samia."

"Marahaba mwanangu. Pole na matatizo."

Nelly akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na sarafu, namba kumi na tisa. "Nimeikuta kwenye msumari leo," akasema. "Jana jioni msumari ulikuwa mtupu, niliuona kwa macho yangu. Leo amekuja afisa wa madini, bosi kamwonyesha ubao umejaa, afisa kaondoka. Wameacha kufukua. Bosi anasema Mageni alitoka kabla duara halijaanguka, akaangika sarafu yake, kaenda Geita kwa mwanamke. Mimi nilikuwa mdomoni pale tangu asubuhi, baba. Sikumwona akitoka. Na sikuiangika mimi."

Hatibu akaipokea sarafu, akaitazama kijuujuu, mzee wa Ibadakuli akinyoosha shingo. "Kazi yangu hii," akasema.

"Siyo ya Mageni," Nelly akasema. "Ile naijua, kila jioni naishika. Ile inateleza. Hii inakwaruza kidole, hapa. Shika hapa uone."

Nelly akaweka kidole palepale. Palepale kwenye mpini, tupa ilipopita! Na mzee wa Ibadakuli akasema, tena kwa upole tu, "Kumbe hata kwako zinakwaruza, fundi?"

Jamani, kuna watu hawawezi kuvumilia neno. Damu ilimpanda Hatibu kichwani. Mbele yake amesimama mwanamke anayetafuta mumewe, na yeye sikio lake likasikia kitu kimoja tu, kwamba kazi yake inakwaruza. "Sarafu zangu hazikwaruzi!" akafoka. Akaikamata ile sarafu, akaipitishia tupa laini, akaisugua kwa kitambaa na majivu, akaipuliza, akamrudishia. "Haya, shika sasa. Inateleza au haitelezi?"

Nelly akaishika. "Inateleza," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi. Sarafu zangu zote ni sawa, mama. Hakuna ya huyu na ya yule. Nenda nyumbani ukapumzike, mumeo atarudi. Wanaume ndivyo walivyo."

Nelly hakulia. Alifunga sarafu kwenye pindo la kanga akatoka.

Mzee wa Ibadakuli akaagiza pete yake, akaenda zake. Hatibu akabaki anafagia meza, na unga wa shaba uliobaki kwenye tupa ukamng'aria machoni. Hapo ndipo akili ikamrudia. Sarafu zenye kukwaruza pale kwenye mpini zilikuwa za mzigo mmoja tu, uleule aliousugua Alhamisi. Na mzigo huo ulikuwa hapa mezani, mbele yake, mpaka Magesa alipokuja kuuchukua leo asubuhi. Sasa Mageni aliwezaje kuangika jana, kabla duara halijaanguka, sarafu ambayo ilikuwa bado haijatoka kwa fundi?

Akakaa chini. Ile ya kweli iko shingoni mwa Mageni, na Mageni yuko chini ya ardhi. Magesa ameuziba msumari ili afisa aondoke, kwa sababu duara lake limeanza kutoa mali na akipatikana maiti mmoja tu litafungwa. Mambo yalikuwa wazi hivyo. Mtoto mdogo angeyaelewa.

Alipaswa kunyanyuka saa ileile. Pikipiki zilikuwa pale nje, vijana wanagombania abiria. Lakini Hatibu akaanza kujadiliana na nafsi yake. Magesa ana walinzi, Magesa ana watu. Na nitawaambia nini? Nitawaonyesha nini, wakati ile alama nimeifuta kwa mkono wangu, mara mbili, na mara ya pili mbele ya shahidi? Wataniita mzushi. Na hata nikienda, huyo Mageni ameshakufa. Nani anaishi chini ya udongo siku nzima? Kesho. Nitakwenda kesho, kukiwa na watu wengi. Ndivyo alivyojiambia, na mwoga akijiambia jambo huwa analisema vizuri sana.

Usiku hakupata usingizi. Mwanne akamwuliza kunani, akamweleza yote. Mwanne hakupayuka. Alikaa kitandani, akajifunga kanga kichwani, akasema, "Na wewe bado umelala?"

Palipopambazuka tu Hatibu alifunga dai kwenye gunia, na nyundo, na vipande vya shaba, akapanda pikipiki.

Alimkuta Nelly mdomoni mwa duara, anafukua peke yake kwa jembe la mkono. Wachimbaji walikuwa wamekaa pembeni wanamtazama, wengine wameinamisha vichwa. Walinzi wa Magesa walishamwondoa mara kadhaa, akawa anarudi. Magesa mwenyewe alikuwa amesimama kivulini mwa turubai na Stanslaus, mtunza ubao, ambaye ndiye aliyekuwa akigonga namba kwenye sarafu.

"Mageni yuko chini!" Hatibu akapaza sauti hata kabla hajafika. "Sarafu ile kumi na tisa niliipiga Alhamisi! Imetoka kwangu jana asubuhi! Nelly, ilete waione."

Watu wakanyanyuka. Magesa akacheka. "Fundi, shikamoo. Umeamkaje? Hebu tuonyeshe hiyo alama inayosema imepigwa Alhamisi."

"Nimeifuta."

"Eti?"

"Dai lilipasuka. Ufa ulitokeza kwenye sarafu, nikausugua kwa tupa. Na jana nikasugua tena."

Kicheko kikawapata hata wale walinzi. "Ameifuta!" Magesa akasema, akipiga mapaja. "Mzee wetu, rudi kwenye heleni zako." Lakini Nelly hakucheka, alikuwa ameacha kufukua na amemkazia macho Hatibu. Hapo ndipo alipoelewa kilichofanyika jana kibandani, na Hatibu akaona kwamba ameelewa.

Hatibu akatua gunia, akaweka kipande cha shaba juu ya jiwe la kupondea, dai juu yake, akashusha nyundo. Akaitoa sarafu, akaipeleka kwa wachimbaji mikononi. Mstari ulikuwa umesimama, kutoka kwenye mpini mpaka ukingoni, kila mtu akaugusa. "Sasa leteni za kwenye ubao," akasema. "Zozote. Za zamani."

Mchimbaji mmoja akachomoa sarafu yake msumarini, mwingine yake. Wakaziweka kando ya ile ya Nelly. Na hapo, jamani, kila mwenye macho aliona. Kwenye zao mpini wa jembe ulifika mpaka ukingoni. Kwenye ile kumi na tisa mpini ulikuwa mfupi, umeishia njiani, kwa sababu tupa ilipoufuta ule mstari iliondoka na ncha ya mpini pia. Palepale. Hatibu aliitazama. Kumbe hakuwa amefuta kitu! Ushahidi ulikuwepo jana, ungekuwepo hata angesugua mara kumi, na usiku mzima yeye amejidanganya kwamba umepotea.

"Kuna nyingine humo ofisini," mchimbaji mmoja akasema, sasa hacheki mtu. "Za jana. Zilete tuone mipini yake."

"Ofisi imefungwa," Magesa akasema.

"Stanslaus ana funguo."

Wote wakamgeukia Stanslaus. Naye Stanslaus, mtu mzima mwenye wajukuu, akavua kofia yake. "Niligonga namba mimi," akasema. "Jana asubuhi. Bosi aliniambia Mageni ameshakufa, kwamba tunaokoa kazi za watu mia." Akaanza kulia pale mbele ya watu, na hakuna aliyemwambia nyamaza.

Sijui walinzi walikwenda wapi. Magesa naye aliingia kwenye gari lake, likaondoka kwa kurudi nyuma mpaka barabarani. Hakuna aliyemkimbiza, hapakuwa na muda. Wachimbaji walishika majembe wote kwa pamoja, wakafunga kamba, wakashusha magogo ya kuzuia kuta, wakapanga mstari wa ndoo. Hatibu akaingia kwenye mstari huo na kanzu yake. Mikono ya sonara ni laini, haikuchukua muda viganja vikachubuka, akaendelea. Alikuwa anaomba kwa sauti, hajali nani anamsikia. Aliomba amkute yu hai, halafu akaomba amkute amekufa tangu Alhamisi. Naam, aliliomba hilo pia, na alijua ni dua ya namna gani.

Jua lilikuwa limepanda vizuri pale aliyekuwa mbele kule chini alipopiga kelele kwamba jembe limeingia kwenye uwazi. Magogo mawili yalikuwa yameangukiana, yakaacha nafasi ya mtu kukaa amekunja magoti. Ndoo zikasimama.

"Yumo!" ikaja sauti.

"Yu hai?" Nelly akaita. "Nauliza, yu hai?"

Kule chini wakaomba kamba tu.

Walimpandisha taratibu. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kwenye kope, sarafu ipo kifuani, mwili mzima hauna jeraha la maana. Kucha ndizo zilizokuwa zimekwisha, za mikono yote miwili, maana alikuwa akifukua kwa upande wake. Walimlaza kwenye turubai. Wanawake waliokuwa wakiponda mawe wakaanza kulia kwa sauti, wakiita mama yangu kwa Kisukuma, "Mayu wane! Mayu wane!" Mchimbaji mmoja mwenye umri aliinama, akasikiliza kifua kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

Nelly alipiga magoti. Akamfuta mumewe uso kwa pindo la kanga, akamnyoosha mkono. Mkono ulinyooka bila ubishi. Akaingiza kiganja chake chini ya kwapa la Mageni, akatulia hivyo, na wale waliokuwa karibu wakaona uso wake unabadilika.

"Ana joto," akasema.

Akamgeukia Hatibu.

"Baba Samia, njoo umshike."

Hatibu alitamani ardhi impasukie. Watu walimfungulia njia. Akapiga magoti upande wa pili wa turubai, na Nelly akaukamata mkono wake uliochubuka, akauingiza palepale kwapani. Palikuwa na joto la mtu aliyelala. Kulikuwa na vuguvugu hata kwenye mbavu; roho ilikuwa imetoka muda si mrefu.

"Wewe ni mtu wa kujua vitu kwa kushika," Nelly akasema. Hakupandisha sauti, wala hapakuwa na hasira ndani yake. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua. "Jana, nilipokuja kwako. Alikuwa hai?"

Hatibu angeweza kusema Mungu ndiye ajuaye, na watu wangeitikia, na wengine wangempiga bega.

"Alikuwa hai," akasema.